Wewe uliyerudi na karatasi mfukoni, mi nilikuwa kama wewe

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, najua barua yangu ni ndefu lakini hili jambo nimekaa nalo tangu mwaka jana na nisipolisema sasa sijui ntalisema lini. Nimesoma barua ya msomaji mwenzangu aliyelalamika kwamba kwenye misa ya mazishi ya baba yake padri alimkatalia kusoma historia ya marehemu, akasema aliona kama Kanisa limemnyang'anya baba yake mikononi, na kwamba alirudi nyumbani na karatasi zake mfukoni bila kuaga. Hapo kwenye karatasi mfukoni ndo pamenifanya nikae chini niandike. Ndugu yangu, mi nilikuwa kama wewe kabisa, na hasira nilikuwa nazo pengine kuzidi zako, na leo naona padri wetu alikuwa sahihi kwenye jambo moja na alikosea kwenye lingine, naomba niyaeleze yote mawili.

Aliyefariki kwetu ni mama mkubwa. Mama yangu mzazi alikufa nikiwa na miaka sita, mama mkubwa akanichukua mimi na dada yangu akatulea pamoja na wanae, na mpaka anazeeka hakuna mtu aliyewahi kumsikia akisema hawa wangu na hawa wa mdogo wangu. Alikuwa fundi wa cherehani. Alishona kila kitu lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa nguo za ubatizo za watoto wachanga, hizo hakuharakisha hata mteja akija mara tatu, ananawa mikono kwanza ndo anagusa kile kitambaa cheupe, halafu anashona huku anasali rozari kwa sauti kubwa maana masikio yalishaanza kumsumbua na hakujua kama anasikika mpaka nje. Rozari yenyewe ilikuwa imepoteza punje moja zamani sana na mahali pake alishonea kifungo cha shati. Sisi watoto tulikuwa tunajua kafika wapi kwenye sala kwa kuangalia kile kifungo kiko upande gani wa vidole vyake.

Sasa kabla sijafika kwenye mazishi lazima nianzie nyuma kidogo, kwa sababu kuaga kwetu kulianza vibaya na kosa lilikuwa letu wenyewe. Alipougua na daktari akatuambia ukweli, sisi watoto tulikaa kikao tukakubaliana padri asiitwe kwanza. Tulisema akimwona padri anaingia na mafuta atajua anakufa, atakata tamaa, tumwache apumzike. Tulikaa hivo karibu wiki tatu, kila mtu akiingia chumbani kwake anachangamka kwa uongo, unaonekana leo una nafuu mama, halafu anatoka analia kwenye korido. Na yeye alikuwa anatutazama tu. Mpaka dada yangu ndo akasema mi siwezi tena, akaenda kumleta padri bila kutuuliza. Padri alipoingia mama mkubwa alimwangalia akasema, "Padri, nilidhani wamesahau kukuita." Sijawahi kuona aibu kama ile maishani mwangu.

Na tungeuliza tu tungejua. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, mwaka 1963 ulishasema hiyo sakramenti ya kupakwa mafuta ni bora iitwe Mpako wa Wagonjwa na kwamba sio ya wale tu walio kwenye pumzi za mwisho, na Papa Paulo wa Sita akaitengeneza upya ibada yake mwaka 1972, mgonjwa anapakwa mafuta kwenye paji la uso na kwenye mikono na anaombewa apate nguvu. Anayepona akiugua tena anapakwa tena. Kinachopewa mtu anayeondoka duniani ni Komunyo, inatolewa kama masurufu ya safari. Mama mkubwa alivipata vyote viwili siku ile, na alipopakwa mafuta mikononi aliendelea kuviweka viganja juu muda mrefu, kama anaogopa kuyafuta.

Halafu akatuita mmoja mmoja. Mimi aliniomba msamaha kwa siku moja aliyonichapa nikiwa na miaka tisa kwa kosa ambalo baadae aligundua halikuwa langu. Nilikuwa nimeshasahau kabisa, yeye alikuwa amelibeba miaka yote ile. Nikamwambia mama nimesamehe, nikamwomba na mimi anisamehe kwa zile wiki tatu, akacheka kidogo akasema alituelewa. Alikufa siku nne baadae. Kwa hiyo hata mtu akiniuliza leo mlimuaga lini, mi jibu langu ni hiyo siku, na kila nikifikiria kwamba tulibakiza siku nne tu tuikose natetemeka.

Usiku ule wa kifo sikulala. Niliandika kurasa nne, mbele na nyuma, cherehani, rozari, kifungo, jinsi alivyotuchukua, jinsi alivyokaa bila kununua nguo mpya ili dada amalize shule. Nilishapanga kichwani nitaisoma baada ya injili, pale kanisa zima limetulia. Asubuhi tukaenda kwa padri mimi na kaka, yule mwanae wa kwanza wa mama mkubwa, tukiwa na maombi mawili, misa ya mazishi iwe Jumapili ili ndugu wa mbali wawahi, na historia isomwe ndani ya misa. Yote mawili akasema haiwezekani. Alituambia tumesimama mlangoni mwa sakristia, kile chumba cha padri kuvalia, yeye ana haraka ya kuingia misa nyingine, akasema sheria ya Kanisa hairuhusu, mkitaka mje mseme mkeshani, akaingia ndani. Kaka alipaza sauti pale pale, akasema mama ameshona vitambaa vya altare hii kwa mikono yake na leo dakika tano mnamnyima. Nami nilimuunga mkono, sitaficha. Tulitoka tukisema hapa hatukanyagi tena baada ya mazishi.

Baadae nilikuja kuitafuta hiyo sheria nikaisoma mwenyewe, na kweli ipo, padri hakuitunga. Mwongozo Mkuu wa Misale ya Kirumi, yaani kitabu cha sala za misa, namba 382 unasema kwenye misa ya mazishi kuwe na homilia fupi, yaani mahubiri, lakini isiwe hotuba ya kumsifu marehemu. Na la Jumapili lipo namba 380, misa ya mazishi haiadhimishwi siku za sherehe zilizoamriwa, wala Alhamisi Kuu, wala zile Siku Tatu Kuu za Pasaka, wala Jumapili za Majilio, Kwaresima na Pasaka. Sisi tulikuwa kwenye Kwaresima. Dakika mbili za kutuelezea hivo na labda tusingegombana kabisa.

Lakini kujua sheria ipo na kuielewa ni vitu viwili tofauti. Mi niliielewa nilipokumbuka mazishi mengine niliyowahi kuhudhuria, ya mtu aliyekuwa na cheo. Pale hotuba zilisomwa ndani ya misa moja baada ya nyingine, vyeo, vyeti, safari, kila msemaji anamrudia mwenzie, na mpaka maiki inarudi kwa padri watu wameshachoka, wengine wameshatoka nje, sala zenyewe zikasomwa haraka haraka. Na nyuma kabisa alikuwa amekaa mtoto wake mmoja ambaye hakuna hotuba hata moja iliyomtaja. Nilimuona kwa macho yangu. Historia ya sifa inachagua, inabeba vya kupendeza na vingine inavipitia kando, na wale waliobaki kando wanakaa humo humo kanisani wanasikiliza. Halafu ukishawaambia watu marehemu alikuwa malaika umewaondolea sababu ya kumwombea, maana malaika haombewi. Na sisi Wakatoliki tunakwenda kwenye misa ile kumwombea, ndo kazi iliyotupeleka. Yuda Makabayo, kiongozi wa vita wa Wayahudi, alichanga fedha zikapelekwa Yerusalemu kutoa sadaka kwa ajili ya askari wake waliokufa, na walikuwa wamekutwa na vitu vya sanamu chini ya nguo zao, ipo kwenye Kitabu cha Pili cha Wamakabayo sura ya 12. Hakuwasomea wasifu. Aliwaombea na makosa yao.

Najua utasema mbona Mapapa wanaelezewa maisha yao. Hata mi niliwahi kumrushia mtu swali hilo. Nenda kaangalie vizuri. Kwenye mazishi ya Papa Yohane Paulo wa Pili tarehe 8 Aprili 2005, Kardinali Ratzinger alichukua neno moja la Yesu kwa Petro, "Nifuate", akapitisha maisha yote ya marehemu ndani ya hilo neno, kuanzia ujana wake wa kufanya kazi kiwandani mpaka upapa. Kardinali Re kwenye mazishi ya Papa Fransisko tarehe 26 Aprili 2025 naye alitaja mambo ya marehemu, safari yake ya kwanza kwenye kisiwa cha Lampedusa, wahamiaji, maskini. Lakini ilipofika zamu ya Ratzinger mwenyewe, aliyekuwa Papa Benedikto wa Kumi na Sita, tarehe 5 Januari 2023, Papa Fransisko alihubiri maneno ya Yesu msalabani, "Baba, mikononi mwako naiweka roho yangu", na jina la marehemu akalitaja mwishoni tu. Watu wengine walilalamika kwamba hakusifiwa vya kutosha. Mi wakati ule nilikuwa kwenye hao waliolalamika, sasa hivi naona hakuna alichokosa. Kote huko neno la Mungu lilitangulia, maisha ya mtu yakaingia kama mfano wake, kwa wingi au kwa uchache. Kwa hiyo sio kweli kwamba jina la marehemu limefungiwa nje ya misa, na padri anayehubiri mazishi kama vile jeneza lile halina mtu ndani naye hajatenda haki.

Turudi kwetu. Mkeshani nilienda kwa kununa. Kumbe ule mkesha nao ni sehemu ya ibada ya Kanisa, ibada ya mazishi ina vituo vitatu, nyumbani kwa marehemu, kanisani na makaburini, na kile cha kwanza kina masomo yake, zaburi zake na nafasi yake ya kumkumbuka mtu. Nilikaa nikidhani nimepewa makombo. Katekista, yaani mwalimu wa dini, mzee mmoja mpole sana, alisoma zaburi, tukasali rozari, halafu akasema sasa tumsikie mtoto wa marehemu, akakaa chini, na hakuna aliyeangalia saa. Nilisoma ukurasa wa kwanza na wa pili. Wa tatu ulinishinda, ulikuwa wa kile kifungo cha rozari, sauti ikakatika kabisa nikashindwa kuendelea. Na hapo ndo kitu kikatokea ambacho kanisani kisingetokea hata kidogo. Mwanamke mmoja nisiyemjua alinyanyuka akasema, mi sijui kusoma lakini nataka niseme, mtoto wangu alibatizwa na nguo aliyoshona huyu mama na hakunidai hela, aliniambia nikipata nitamletea, nilipopata nikamletea akakataa. Akakaa. Akanyanyuka mwingine. Halafu mwingine. Tulikuja kuhesabu na dada, waliosimama wakasema habari ya nguo ya ubatizo walikuwa kumi na moja, na sisi tuliokaa naye nyumba moja miaka yote tulikuwa tunajua habari ya watu wawili tu. Zile kurasa zangu nne zilikuwa na mama mkubwa wangu mimi. Wa kwao nilikutana naye usiku ule.

Mwisho katekista akasema neno moja ambalo tangu hapo sijaachana nalo. Alisema kesho mtaona jeneza linapokelewa mlangoni, padri atalinyunyizia maji ya baraka, halafu litafunikwa kitambaa cheupe, mkumbuke hiyo ni nguo ya ubatizo wake, leo anavikwa tena. Basi. Hakuhubiri zaidi.

Mhariri, sijui kama umewahi kuona kitu ulichokitazama mara mia kikabadilika mbele ya macho yako. Nimeenda mazishi mangapi mi, kile kitambaa nilikuwa naona ni pambo, au cha kuficha jeneza la bei ndogo lisionekane, na kweli kinafunika la tajiri na la maskini likawa sawa, hilo nalo nalipenda. Lakini asubuhi ile dada zangu wawili walipokishika pembe kwa pembe wakakitandaza taratibu juu ya yule mwanamke aliyetumia maisha yake kuwavika watoto wa wenzie nguo nyeupe, hakuna karatasi yangu ambayo ingesema zaidi. Kaka aliyepiga kelele sakristia alikuwa pembeni yangu, akanishika mkono. Mshumaa wa Pasaka ulikuwa unawaka karibu na jeneza, ule ule unaowaka mtoto akibatizwa. Vyote hivi alivitumikia, na vyote vilikuja kumsindikiza.

Halafu kuna ile sehemu ya mwisho, baada ya Komunyo. Wewe msomaji mwenzangu umeandika kwamba hukuaga, na hapa naomba unisikilize. Kabla ya mageuzi ya Mtaguso lile tendo la padri kuzunguka jeneza na maji na ubani lilikuwa linaitwa absolusio, yaani kumwombea marehemu afunguliwe dhambi. Kitabu kipya cha ibada ya mazishi kilichotoka mwaka 1969 kikalibadilisha jina, sasa ni kumkabidhi marehemu kwa Mungu na kumpa buriani. Buriani, ndo neno lililopo. Padri anawaalika watu wasali, wote wananyamaza, kisha maji ya ubatizo tena, kisha ubani, maana ule mwili ulikuwa hekalu la Roho Mtakatifu na unapewa heshima ile ile inayopewa altare, na wimbo wa kuaga unaimbwa na watu wote, haimbiwi familia peke yake. Halafu mkitoka unaimbwa ule wa zamani sana unaowaomba malaika wampeleke paradisini, mashahidi wampokee, na apate raha pamoja na Lazaro aliyekuwa maskini zamani. Mi nilikuwa nagombania dakika tano za kuaga na sikujua kwamba kuaga kwenyewe kumeshawekwa ndani ya ibada tangu kabla sijazaliwa. Wewe pia uliaga. Ulisimama pale ukaimba. Kama hukuimba kwa sababu ya hasira, nakuelewa, lakini waliokuzunguka walikuimbia.

Sasa niseme na upande wa pili kwa sababu nilisema padri wetu alikosea na sitaki ionekane nawapamba mapadri. Kosa lake ni ule mlango wa sakristia. Watu waliofiwa asubuhi ile ile hawaambiwi hairuhusiwi wakiwa wamesimama. Nawaomba mapadri wanaosoma gazeti hili, kaeni na familia hata nusu saa, mwaulize marehemu alikuwa nani, mtoto gani haongei na nani, jina lake la ubatizo linatamkwaje, maana nimeshasikia homilia ya mazishi ambayo padri alimtaja marehemu kwa jina la mtu mwingine mara tatu na mjane yuko mstari wa mbele. Waelezeni kuhusu mkesha kabla hawajauliza, waambieni ndo nafasi yao, na waruhusuni wachague masomo na wasomaji. Halafu msikatae kwa ukali kuliko sheria yenyewe. Kitabu cha ibada ya mazishi cha Kiingereza kinachotumika Marekani tangu mwaka 1989 kinaruhusu mwanafamilia mmoja au rafiki aseme maneno machache ya kumkumbuka marehemu kabla ya buriani kuanza. Machache, mtu mmoja. Familia iulizwe, na iambiwe kabla ya siku yenyewe.

Na sisi wafiwa tuna yetu. Simu. Wakati watu wanapita kutoa heshima za mwisho kuna vijana walisimama kichwani kwa mama mkubwa wanachukua vidio, mjukuu wake mdogo akashindwa kupita kwa sababu ya miguu ya watu wazima wenye simu, na tulipokuja kumnyanyua muda umeisha jeneza linafungwa. Yule mtoto ndo alikuwa anamvutia uzi kwenye tundu la sindano kila jioni macho ya bibi yake yalipoanza kufifia. Kila nikiona hizo vidio naikumbuka sura yake. Tumpishe mtoto kwanza jamani, kamera isubiri au isiwepo.

Pia tuache kuwanyamazisha watu. Shemeji yetu mmoja alikuwa anazunguka anawaambia wanaolia mnamtesa marehemu, mwenye imani halii. Yesu alilia kwenye kaburi la rafiki yake Lazaro na alikuwa anajua anakwenda kumfufua, Yohane 11:35, mstari wenyewe ni mfupi hata mtoto anaukariri. Na Mtakatifu Agustino mama yake Monika alipofariki kule Ostia mwaka 387, mtoto wa Agustino, kijana Adeodato, alipasuka kulia kwa sauti wakubwa wakamnyamazisha, Agustino mwenyewe akajikaza mazishi yote hakudondosha chozi, akaenda mpaka kuoga akidhani maji yatamwondolea huzuni, wapi. Baada ya kulala na kuamka ndo akalia, peke yake mbele ya Mungu. Yule ni mwalimu wa Kanisa na hakuona haya kuyaandika. Na Monika kabla ya kufa alishawaambia wanae mwili wangu uzikeni popote msihangaike nao, ninachowaomba ni mnikumbuke kwenye altare ya Bwana popote mtakapokuwa. Nilipolijua hilo nilimfikiria mama mkubwa na ile "nilidhani wamesahau kukuita". Wale kina mama wawili wangeelewana sana.

Makaburini sitasema mengi. Padri alibariki kaburi, tukasali Baba Yetu, akasema raha ya milele umpe ee Bwana sisi tukajibu na mwanga wa milele umwangazie, udongo ukaanza kushuka. Kulikuwa na ubishi kidogo kuhusu rozari, azikwe nayo au ibaki, kaka akaamua azikwe nayo, dada akaomba kile kifungo tu. Wakakikata kwa mkasi wake mwenyewe wa cherehani siku ile ya kumvalisha, wakafunga fundo mahali pake. Hajakosa punje, ana fundo.

Ndugu yangu uliyerudi na karatasi mfukoni, usizitupe. Misale ina sala zake za misa ya kumbukumbu ya mwaka tangu mtu afariki, nenda ofisini parokiani uweke nia ya misa kwa ajili ya baba, na jioni ya kuamkia siku hiyo waite ndugu na majirani wote, hata yule usiyeongea naye, msali rozari, halafu uzisome zote, na ukimaliza usikimbie kufunga kikao, kaa kimya uone nani atanyanyuka. Andika watakachosema, maana utakuta baba ambaye hukuwahi kukutana naye. Sisi ya mama mkubwa ni mwezi ujao. Padri wetu amesema atakuja kukaa na sisi, kaka ndo aliyemwita. Ule ukurasa wa tatu ulionishinda dada ameniomba ausome yeye, na kile kifungo ameshakishonea kwenye rozari yake.

Msomaji wenu